Nauli ya Mwanafunzi kwa Mtu Mzima

Ijumaa moja, tulipokuwa tunatoka msikitini hapa Ifakara, kijana niliyepata kumfundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari alinishika mkono akanisogeza pembeni kivulini. Amefungua steshenari yake karibu na stendi na, alhamdulillah, kazi anayo: barua za maombi, kadi za harusi, mikataba ya kukodi mashamba ya mpunga, katiba za vikundi vya kukopeshana. Dada yake anasoma chuo, na kwa kuwa chuo hicho kimo katika mpango wa elimu wa kampuni ya Microsoft, amepewa programu za ofisi bila kulipa hata shilingi. Kijana akachukua anwani na neno la siri la dada yake, akaziingiza kwenye kompyuta ya dukani.

"Ustadh," akaniuliza, "programu ni ile ile. Aliyeinunua kwa pesa nyingi na mimi niliyeipata bure tunaandika barua ile ile, kwa herufi zile zile. Kuna ubaya wowote hapo, au ni wasiwasi wangu tu?"

Nilimwomba anipe wiki moja. Kwa adabu yake akadhani nakwenda kupekua vitabu. Vitabu nilivipekua, ni kweli, lakini kilichonifunga mdomo siku ile hakikuwa upungufu wa vitabu, na nitakieleza mbele. Jibu nililompa baadaye ndilo ninaloliandika hapa kwa urefu, kwani naamini wanaojiuliza swali hili kimoyomoyo ni wengi kuliko wanaolitamka.

Ndugu msomaji, tulitazame kwanza jambo lenyewe lilivyo. Chukua Office ya mwaka 2003. Toleo la kawaida lilikuwa na programu nne: Word, Excel, PowerPoint na Outlook. Toleo la Wanafunzi na Walimu nalo lilikuwa na programu nne: Word, Excel, PowerPoint na Outlook. Nimerudia kwa makusudi. Nchini Marekani toleo la kawaida liliuzwa dola 399 na lile la wanafunzi dola 149, na hili la bei ndogo liliruhusiwa kuwekwa katika kompyuta 3 za nyumba moja. Yaani aliyelipa kidogo alipewa zaidi! Lilipokuja toleo la 2007, lile la wanafunzi likaitwa la nyumbani na la wanafunzi, Outlook ikaondolewa na OneNote ikawekwa mahali pake, lakini Word ilibaki Word na Excel ikabaki Excel.

Sasa dola 250 za tofauti zilikuwa bei ya kitu gani? Si bei ya programu, kwa sababu programu ni zile zile. Zilikuwa bei ya sharti. Muuzaji alisema: nitakupunguzia, nawe usiitumie hii kwa biashara. Mnunuzi akakubali, akaondoka na dola 250 mfukoni. Anayesema "programu ni ile ile" anasema kweli tupu, ila ukweli huo haumsaidii. Kama zingekuwa programu mbili tofauti pasingekuwa na haja ya kuahidiana kitu.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua hili bila kompyuta. Daladala ni moja, barabara ni moja, lakini mwanafunzi ana nauli yake na mtu mzima ana yake. (Tuache kwamba huyo mwanafunzi aghlabu husimama safari nzima, na makondakta wengine humkimbia asipande kabisa.) Je, mtu mzima mwenye ndevu akivaa shati jeupe na kaptura ya shule ili alipe nauli ya mwanafunzi, atajitetea kwamba kiti ni kile kile? Abiria wote watamcheka. Watamcheka kwa sababu wanaona mavazi. Kwenye kompyuta hakuna anayeyaona.

Sasa nifike kwenye kilichonifunga mdomo. Mwaka 2010, nikiwa chuoni Morogoro, mjomba wangu anayefanya kazi Muscat aliniletea laptopu pamoja na toleo la 2007 la nyumbani na la wanafunzi, likiwa na kasha lake na risiti yake. Katika bweni letu mimi nilikuwa mtu wa pekee. Wenzangu wote walitumia CD za kunakiliwa. Mimi nilikuwa na risiti, na nilijivuna nayo. Niliandikia humo kazi zangu zote za chuo, na hapo sikuwa na kosa.

Mwaka 2012 nikaajiriwa kufundisha huku Kilombero. Mshahara wa mwalimu tunaujua. Mimi na shemeji yangu tukafungua steshenari ndogo, na laptopu ile ile ikawa mtaji wa kwanza. Hatukununua programu nyingine. Kila siku, kila waraka uliofunguliwa, juu kabisa ya dirisha pembeni ya jina la waraka paliandikwa kwa Kiingereza kwamba haya ni matumizi yasiyo ya biashara. Waliotumia toleo lile watakumbuka maneno yale. Mara ya kwanza nilipomwonyesha shemeji alicheka, akasema: "Shemeji, hayo maandishi hayatoki kwenye printa."

Nami nikacheka. Tukaendelea miaka minne.

Mwaka 2016 mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alikuja dukani kuprinti. Alisimama nyuma yangu akisubiri, na kwa kuwa alikuwa akijifunza Kiingereza kwa bidii, kila alichokiona alikisoma kwa sauti. Akayasoma yale maneno. Kisha akayatafsiri, polepole, akiwa na furaha ya mtu aliyepatia: "Ustadh, hapa imeandikwa si kwa biashara." Nikamjibu, "Hayo ni mambo ya kompyuta tu." Akatoa shilingi 500, nikazipokea.

Kwa hiyo kijana wa steshenari aliponiuliza swali lake, nilikuwa naulizwa na mtu wa pili. Wa kwanza nilikuwa nimemdanganya.

Nilizijaribu tena hoja zote ambazo mimi na shemeji tulizitumia miaka ile, nione ipi inasimama. Hoja ya kampuni tajiri haikuchukua muda. Ukubwa wa mfuko wa mtu haujapata kuhalalisha mkono wa mwingine ndani yake. Na anayeongeza kwamba wenye kampuni si Waislamu akumbuke kwamba Mtume (s.a.w.), usiku wa kuhama Makka, alimwacha nyuma Ali (r.a.) ili arudishe amana za watu wa mji, na wengi wa watu hao walikuwa hao hao wanaomfukuza.

Hoja ya pili ni nzito kidogo. Inasema punguzo lile si wema hata kidogo, bali ni chambo. Kampuni humzoesha mwanafunzi chombo chake angali kijana ili akiajiriwa asijue kingine, na mwajiri wake alazimike kununua. Mimi naamini hivyo ndivyo ilivyo, na ni jambo la kujadiliwa sana na wanaopanga masomo ya kompyuta mashuleni mwetu. Lakini nia ya mtoaji haifuti ahadi ya mpokeaji. Muuza mchele akikupunguzia bei ili urudi kesho, punguzo ni la kibiashara, na bado huwezi kuondoka na kilo ambayo hamkuipatana.

Hapa nikakumbuka vyandarua. Wasomaji wa bonde hili wenye umri wangu na zaidi watakumbuka mradi wa KINET ulioanza miaka ya 1990 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, chini ya watafiti waliokuwa hapa hapa Ifakara. Vyandarua viliuzwa madukani kwa jina la Zuia Mbu, pamoja na dawa yake. Wajawazito na akina mama wenye watoto wadogo walipewa hati kliniki ili wauziwe kwa bei pungufu. Kuanzia mwaka 2004 likaja jambo kama hilo kwa nchi nzima, lile la Hati Punguzo, lililodumu takriban miaka 10. Chandarua cha mjamzito na cha mzee mwenye duka vilikuwa kitu kimoja: matundu yale yale na dawa ile ile, na mbu hakuulizwa bei. Tofauti ilikuwa karatasi, na nyuma ya karatasi ilikuwa sababu, kwamba malaria humwanza mjamzito na mtoto mchanga.

Nilikuwa mtoto wakati huo, na mama alikuwa mjamzito wa mdogo wangu. Muuza duka wa mtaani kwetu alimwambia waziwazi kuwa anaweza kuipokea hati ile kwa sukari na mafuta ya taa, kwa kuwa nyumbani tayari tulikuwa na chandarua kikuukuu. Sukari hatukuwa nayo. Mama akakataa, akaongeza pesa, akanunua chandarua. Sikumbuki kama alitoa hoja yoyote. Nakumbuka tu tulikunywa chai ya chumvi siku mbili tatu, na mimi nikinung'unika. Haikuwa nyumba yetu peke yake iliyojaribiwa hivyo. Mwaka 2006 watafiti walichapisha makala kuhusu namna hati zile katika eneo hili zilivyotumika sawasawa na zilivyotumika vibaya.

Sasa nipime. Mama, ambaye hakumaliza darasa la saba, alielewa kwamba hati ile si pesa. Ina thamani ya pesa kwa mtu fulani na kwa kazi fulani, na nje ya hapo ni karatasi ya mwenyewe. Mimi mwenye shahada niliona maandishi juu ya dirisha kila siku kwa miaka minne na sikuelewa, au nilielewa nikanyamaza. Sisi Waislamu tusingepaswa kabisa kupata taabu hapa, kwa sababu tumefundishwa na zaka. Weka mezani noti mbili za shilingi 10,000, moja ya zaka na moja ya kawaida. Hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha. Lakini ile ya zaka ina wenyewe, mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, na tajiri akiila amekula kisicho chake.

Ipo hoja ya wenye elimu, na hii ndiyo niliyoipekulia vitabu. Je, sharia inaitambua haki ya mtu juu ya kitu kisichoshikika, kama kitabu alichotunga au programu aliyoiandika? Wanazuoni wa zama hizi hawakuwa na kauli moja. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan hakuitambua haki hiyo, na mwanawe, Mufti Taqi Usmani, akaona vingine. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Kuwait Desemba 1988 na kupitisha kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara ni mali inayotambulika, na haijuzu kuzivamia. Hapa Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, na iko COSOTA ya kuisimamia, ingawa sijapata kumwona mkaguzi akiingia kwenye steshenari yetu.

Tuseme mtu anafuata kauli ya Mufti Muhammad Shafi, kwamba hakuna umiliki hapo. Huyo labda atapata pa kusimama kuhusu CD ya kunakiliwa, ambayo hakuahidi lolote kwa yeyote. Mwenye toleo la wanafunzi hapati. Yeye, juu ya suala la umiliki, ameingia katika mapatano, na Suratul-Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini kutimiza mapatano yao. Ndiyo maana nasema risiti yangu niliyojivunia bwenini ilinitia katika deni zaidi kuliko wenzangu wa CD za kunakiliwa. Wao walikuwa na kosa lao, na silitetei, lakini mimi nilikuwa nimetoa neno.

Mafakihi wamelizungumza jambo la namna hii katika mlango wa ijara. Mtu akikodi mnyama kubeba ngano, hana ruhusa ya kumbebesha chuma, hata kama uzito ni sawa, kwa sababu chuma humuumiza mgongo kwa namna nyingine. Na hata penye kubadilisha, hubadilisha kwa kilicho sawa au chepesi zaidi, si kwa kilichozidi. Leseni ya programu ipo karibu na ijara kuliko mauzo. Hukununua mnyama, umekodi mgongo wake. Mwanafunzi amekodi mgongo wa kubebea daftari, kisha anaupakia duka.

Unabaki udhuru wa kutosoma. Nani husoma yale maandishi marefu ya Kiingereza kabla ya kubonyeza "nakubali"? Hapa nakiri kuna udhaifu wa kweli. Mapatano ambayo upande mmoja hauwezi kuyaelewa yana walakini, na wanaoandika kurasa 20 kwa lugha ya mawakili wanajua kwamba hazitasomwa. Mwanakijiji wa Mlimba au Malinyi aliyeuziwa kompyuta yenye programu ndani simlaumu. Ila udhuru huu unamfaa asiyejua tu. Mimi sikuweza kudai ujinga wa jambo lililoandikwa juu ya kila ukurasa nilioufungua, wala yule kijana hawezi, maana analazimika kuandika jina la dada yake ndipo programu ifunguke.

Na dharura? Dharura ni neno ambalo siku hizi tunalinyoosha kama mpira. Desemba 2004, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi kwa Kiswahili. Menyu, amri na ujumbe vyote vilikuwa kwa lugha yetu. Ilikuwa bure kwa mwanafunzi na mfanyabiashara sawasawa, bila toleo la huyu na la yule. Tangu mwaka 2010 ipo LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice hiyo hiyo, nayo ni bure bila sharti la biashara. Sisi tulipofungua duka mwaka 2012 yote haya yalikuwepo. Hatukuyatafuta kwa sababu chombo tulichokuwa nacho kilifanya kazi, basi. Huo si udhuru wa mtu aliyebanwa.

Sisemi njia hiyo haina taabu. Tulipohamia LibreOffice mwishoni mwa 2016 tulipoteza wateja. Mtu analeta flashi yake kutoka ofisini, jedwali likifunguka limehama, mistari imesogea, naye ana haraka ya basi. Shemeji alinung'unika kuliko mimi nilivyonung'unika kwa chai ya chumvi. Miezi ile mapato yalishuka, na nisingependa mtu anayehubiri jambo hili alifanye lionekane jepesi. Kwa wenye uwezo, njia iliyo wazi ni kununua leseni ya biashara na kuihesabu katika gharama za duka pamoja na wino na karatasi. Baadaye tulifanya hivyo kwa kompyuta moja, kwa ajili ya kazi za wateja wa ofisi.

Haya ndiyo niliyomweleza kijana wiki ile, pamoja na hadithi yangu yote, kwani sikuona namna ya kumpa fatwa nikiwa nimeficha risiti yangu. Alisikiliza. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: "Na dada yangu je? Yeye hakufanya biashara." Nikamwambia ndiye aliyeshika amana. Yeye ndiye chuo kinayemjua na jina lake ndilo lililomo, na kama kuna atakayenyang'anywa kitu katikati ya masomo ni yeye. Hilo lilimgusa kuliko Baraza la Fiqhi la Kuwait. Juzi nilipita dukani kwake nikamkuta amefuta jina la dada yake na kuweka LibreOffice, akihangaika na kadi ya harusi iliyokataa kukaa katika ukurasa mmoja. Tulikaa nayo mpaka adhana ya Magharibi.

Kuhusu miaka yangu minne bado sijapata utulivu. Haki ya mja hurejeshwa kwa mja. Mali ambayo mwenyewe hajulikani hutolewa sadaka kwa niaba yake, lakini mwenye mali hii anajulikana na kila mtoto! Toleo lile halipo tena sokoni, na kampuni yenyewe iliacha kulihudumia Oktoba 2017. Sheikh mmoja niliyemuuliza aliona kwamba kununua leseni halali ya biashara kutoka kwa mwenyewe ni namna ya kumrudishia haki yake. Mwingine aliona haitoshi, kwa kuwa hiyo nimeilipia matumizi mapya. Shemeji anasema sote tuna wasiwasi. Nimeandika kiasi katika daftari, tofauti ya bei ile ya dola 250, na nakitunza kando kidogo kidogo.

Yule mwanafunzi wa kidato cha pili sasa ni mtu mzima. Nasikia yuko Dodoma, ameajiriwa, na Kiingereza chake ni kizuri. Namba yake ninayo.